Vidonge, unga wa upupu au safari ya India: tulivyopima dawa za Parkinson kwa mzee wetu hapa Tanga

Kanzu ya kwanza kuungua ilikuwa ya mteja wa Idi. Baba aliiacha pasi ya mkaa juu ya kitambaa akageuka kumjibu mtu, na mimi niliyekuwa uani nikianika nguo ndiye niliyeingia mbio kwa harufu. Yeye alikuwa hatua moja kutoka mezani na hakusikia kitu. Tulimlipa mteja, tukacheka, tukasema ni mafua. Ilikuwa miaka mitatu kabla mkono wake wa kulia haujaanza kutetemeka. Siku hizo hakuna nyumbani aliyejua kwamba pua kufa huweza kuutangulia ugonjwa wa ubongo uitwao Parkinson kwa miaka mingi, sawa na choo kigumu kisichoisha na kurusha mateke usingizini. Mama alishahamia kitanda kingine kwa ajili ya mateke hayo.

Ishara nyingine ilikuwa kwenye daftari la vipimo. Baba ni fundi cherehani, Ngamiani, na daftari lake ni la miaka mingi: mabega, kifua, urefu wa mkono. Kurasa za mbele tarakimu zimesimama wima, za mtu aliyefundishwa kuandika kwa bakora. Kurasa za nyuma zinaanza vizuri, kisha zinasinyaa kadiri mstari unavyosogea, mpaka ukingoni zimekuwa sisimizi.

Tulipopewa jina la ugonjwa, kaka yangu aliyeko Muscat alipiga simu. "Nina akiba kidogo. Niambie niielekeze wapi: vidonge, India, au huyo bwana wa unga wa upupu anayesambazwa kwenye simu?" Nilimwomba muda. Haya ni yale niliyompa baadaye, pamoja na niliyojifunza tangu hapo. Mimi si daktari. Ni binti niliyekaa sana kwenye mabenchi ya kliniki na kuwauliza wafamasia maswali mpaka wakanizoea.

Kipimo nilichotumia ni kimoja, nacho nimekiita saa njema: kwa siku, Baba ana saa ngapi anazoweza kufunga vifungo vyake, kula bila kumwagikia, na kwenda msikitini bila kushikwa mkono? Kinachoongeza saa hizo leo nakitanguliza. Kinachoahidi kuponya kesho kinakaa kwenye foleni.

Kabla ya dawa: ni Parkinson kweli?

Ugonjwa huu haujitokezi kwenye kipimo cha damu wala eksirei. Daktari anautambua kwa macho na mikono yake: vitendo vimekuwa vya polepole na vidogovidogo, na pamoja na hilo kuna mkono unaotetemeka ukiwa umetulia, au viungo vilivyokakamaa. Ndiyo maana wengi wanapita bila kujulikana. Wilayani Hai, Kilimanjaro, watafiti waliwatafuta wagonjwa katika idadi ya watu zaidi ya 161,000, matokeo yakachapishwa mwaka 2008. Walipata wagonjwa 33, na zaidi ya robo tatu yao walikuwa hawajawahi kuambiwa wana nini. Sisi wenyewe tuliambiwa uzee, kisha kiharusi kidogo, kisha jirani mmoja akasema mzee katupiwa kitu.

Mkono unaotulia pajani ukaanza kutetemeka pale tu unaponyanyua kikombe, mara nyingi hiyo ni habari nyingine. Lakini kosa linaloniuma zaidi ni la dawa. Haloperidoli na klopromazini zinazotolewa kwa matatizo ya akili, metoklopramidi ya kuzuia kutapika, na sinarizini ambayo wazee wetu humezeshwa kwa kizunguzungu: hizi zote zinaweza kumfanya mtu afanane kabisa na mgonjwa wa Parkinson. Daktari akiziondoa kwa utaratibu, mtu huyo anaweza kurudi katika hali yake baada ya wiki au miezi. Na aliye na Parkinson ya kweli akipewa hizo, anazidi kuzama. Basi siku ya kwanza ya kliniki beba mfuko mzima wa dawa, hata zile ambazo shangazi alimgawia kwa huruma.

Benzeksoli na levodopa

Hapa ndipo uamuzi mkubwa ulipo, maana ndizo dawa mbili unazoweza kukutana nazo kwanza.

Ndani ya ubongo, upande wa chini, kuna seli zenye rangi nyeusi zinazotengeneza dopamini, kemikali ambayo mwili unaihitaji ili kuanzisha mwendo na kuupa ukubwa wake. Katika Parkinson seli hizo zinakufa polepole, na dalili zinapoonekana sehemu kubwa imeshakwenda. Levodopa ni malighafi: ikifika kwenye ubongo inageuzwa kuwa dopamini. Benzeksoli, ambayo wengi huijua kwa jina la Artane, haileti dopamini hata chembe. Inapunguza nguvu ya kemikali nyingine, asetilikolini, iliyobaki bila mpinzani. Baba nilipomweleza alisema kwa lugha yake: "Hiyo ni suruali yenye mguu mmoja mfupi. Huyu anakata ule mrefu, yule anaongeza kitambaa kwenye mfupi." Sijapata maelezo bora kuliko hayo kwa daktari yeyote.

Benzeksoli ina sifa zake. Ni dawa ya zamani, haina gharama kubwa, na hukaa kwenye kliniki za afya ya akili kwa sababu hutumika kupoza madhara ya haloperidoli na wenzake. Kwa kutetemeka inasaidia. Kijana wa miaka 45 ambaye shida yake kubwa ni mkono unaotetemeka anaweza kuanza nayo na akafanya kazi zake. Lakini kwa mwili mzito, kwa hatua fupi, kwa mtu anayechukua nusu saa kuvaa shati, haifanyi la maana. Na kwa mzee ni dawa ya kuogopwa: kinywa kinakauka, choo ambacho tayari kilikuwa kigumu kinazidi, mkojo unagoma, macho yanafifia, na akili inachanganyikiwa. Baba alipewa. Wiki ya pili alianza kuwaona watu dirishani usiku na kuwakaribisha kwa adabu zote, "Karibuni, karibuni ndani," mama akilia chumba cha pili. Tulidhani ugonjwa umepanda kichwani. Ilikuwa dawa. Daktari mwingine aliipunguza kidogo kidogo mpaka ikaisha, kwa kuwa nayo pia haikatwi ghafla, na wale wageni wakaacha kuja.

Levodopa ndiyo iliyomrudisha. Si siku ya kwanza. Siku ya kwanza alitapika. Ilichukua wiki kadhaa za kupandisha dozi taratibu, na hilo lina historia: dawa hii ilijaribiwa kwa binadamu Vienna mwaka 1961, lakini ni George Cotzias, Marekani, aliyeonyesha mwaka 1967 kwamba ukianza na kidogo na kupanda polepole, wagonjwa walioganda wanainuka. Baadaye ikaunganishwa na kabidopa, inayozuia levodopa isigeuzwe dopamini humo njiani kabla haijafika kwenye ubongo. Bila mwenzake huyo sehemu kubwa inapotelea mwilini na kuleta kichefuchefu.

Hapo pana jambo ambalo watu wachache huambiwa. Kidonge kinachoandikwa 25/250 kina kabidopa miligramu 25 na levodopa miligramu 250. Ili kabidopa ifanye kazi yake sawasawa, mwili unahitaji kiasi cha miligramu 70 hadi 100 kwa siku. Anayekata kidonge hicho nusu na kumeza mara tatu anapata miligramu 37 na nusu tu, anatapika, kisha anasema dawa imemkataa. Uliza kama kipo cha 25/100. Kwa anayeanza, mara nyingi kinakaa vizuri zaidi. Na kichefuchefu kikija usikubali metoklopramidi. Ipo domperidoni, daktari atasema kama inafaa kwa moyo wa mzee wako.

Levodopa nayo ina masharti, na kwa nyumba ya Tanga masharti yake ni ya jikoni. Inashindana na protini mlangoni, kwenye utumbo na tena kwenye ubongo. Kwetu samaki ni kila siku, maharage ni kila siku, maziwa hayakosekani mezani. Baba alikuwa anameza kidonge na kikombe cha maziwa "kisiumize tumbo," halafu saa nzima tunamngoja afunguke, hafunguki. Sasa anameza kwa maji nusu saa kabla ya kula, au saa moja na kitu baadaye, na changu au pono amehamia chakula cha usiku. Vidonge vya kuongeza damu, vyenye madini ya chuma, navyo vinaikamata levodopa. Vitenganishwe kwa saa kadhaa. Jasho na mkojo vinaweza kuwa vyeusi kidogo. Kwa mvaa kanzu nyeupe hilo si dogo, lakini halidhuru.

Ramadhani ya kwanza alitaka kufunga. Kidonge cha daku kingekuwa kimekwisha nguvu kabla ya saa sita mchana, na kukata levodopa ghafla kunaweza kuleta homa kali, kukakamaa na hata kifo. Sheikh wa mtaani alimsomea aya ya 184 ya Al-Baqara, mgonjwa ana ruhusa na fidia ni kumlisha maskini. Alinyamaza siku nzima. Jioni akaniuliza bei ya mchele.

Kwa hiyo jibu langu kwa kaka kuhusu hizi mbili lilikuwa fupi. Mtu wa zaidi ya miaka 60 mwenye mwili mzito: levodopa yenye kabidopa, na benzeksoli isiingie nyumbani kwetu tena.

Kuanza mapema au kuitunza levodopa kwa baadaye

Tuliambiwa na mtu mwenye koti jeupe tusiiguse levodopa mapema kwa kuwa "ina miaka mitano tu, ikiisha hamna tena." Ushauri huo bado unazunguka sana na umewaacha wazee wengi kwenye viti.

Ni kweli kwamba baada ya miaka kadhaa kidonge kinaanza kuisha nguvu kabla ya kingine, na wengine hupatwa na mwili kujichezesha wenyewe. Swali ni kama kinacholeta hayo ni dawa au ni umri wa ugonjwa. Jibu zuri limetoka Afrika. Watafiti waliwalinganisha wagonjwa wa Ghana na wa Italia, wakachapisha mwaka 2014. Waghana walikuwa wameanza levodopa wakiwa wameumwa miaka 4 na ushei kwa wastani, Waitalia miaka 2 na ushei, sababu kubwa ikiwa upatikanaji. Kama ucheleweshaji ungesaidia, Waghana wangekaa miaka mingi zaidi kabla ya matatizo. Haikuwa hivyo. Matatizo yaliwapata pande zote ugonjwa ulipofikia umri uleule. Dozi kubwa ilichangia, miaka ya kumeza haikuchangia. Utafiti mwingine wenye watu 445, wa mwaka 2019, ulionyesha kuwa kuanza mapema hakuharakishi ugonjwa wala hakuuchelewishi.

Hivyo wale wazee wa Ghana walikosa ile miaka miwili ya saa njema na hawakulipwa chochote. Baba anasema levodopa si kanzu ya kuwekea Idi.

Levodopa ya kidonge na levodopa ya upupu

Huyu bwana wa kwenye simu si mwongo mtupu, na ndiyo maana nimempa nafasi.

Upupu tunaoukimbia porini, ule ukikugusa unajikuna mpaka unaoga majivu, una levodopa ya kweli kwenye mbegu zake. Wanakemia wa India waliitenga humo mwaka 1937, na hesabu zilizozoeleka ni kama asilimia 4 hadi 6 ya uzito wa mbegu. Ipo pia aina isiyowasha, inayopandwa shambani kufunika udongo na kuurutubisha. Mwaka 2017 yalichapishwa majaribio yaliyofanyika Bolivia kwa wagonjwa 18: dozi moja ya unga wa mbegu zilizokaangwa iliwafungua miili si chini ya kidonge, tena mwili kujichezesha ukawa mdogo. Ningekomea hapo ningemtumia hela huyo bwana.

Lakini wale wale watafiti waliendelea. Mwaka uliofuata walichapisha majaribio ya wiki 16, watu 14, unga wa kila siku kubadilishana na vidonge. Waliovumilia unga walikwenda sawa na vidonge. Nusu, 7 kati ya 14, waliuacha njiani, wengine kwa tumbo, wengine kwa sababu miili ilizidi kuwa mizito.

Sababu ni ile ile ya kabidopa. Kwenye mbegu hakuna mwenzake wa kuilinda, kwa hiyo levodopa inahitajika mara nne au tano zaidi ili kiasi kile kile kifike kwenye ubongo. Na kuna la pili linalonitisha zaidi: kijiko cha leo na kijiko cha wiki ijayo havilingani. Shamba tofauti, mbegu tofauti, mkaangaji tofauti. Mgonjwa anayetumia vidonge akaongeza na unga, bila kusema, anaweza kuanguka kwa presha kushuka au kuona mambo yasiyokuwepo, na daktari atabaki anapapasa gizani.

Kwa mtu wa kijijini asiye na kidonge kabisa, anayekaa kitini tangu asubuhi hadi usiku, upupu uliopimwa kwa mizani, chini ya macho ya daktari anayejua, ni bora kuliko kutokuwa na chochote. Naamini hivyo. Kwa mwenye uwezo wa kupata kidonge, sioni faida ya kurudi porini. Na yule bwana alikuwa anauza kopo kwa bei iliyozidi vidonge vyetu vya mwezi, akisema "kinaponya mizizi." Levodopa haiponyi, iwe ya kiwanda au ya porini.

Kuhusu kombe, zile aya zinazoandikwa kisha zikaoshwa kwa maji ya kunywa, nitasema kidogo tu. Mama alimwandikishia, Baba akanywa, na moyo wake ulitulia. Kutulia si jambo la mzaha katika ugonjwa huu: siku ya mechi ya Coastal Union pale Mkwakwani mkono wake hutetemeka mara mbili kwa pupa tu ya mchezo. Kombe na kidonge havigombani. Anayegombana na kidonge ni yule msomaji anayekwambia ukiache kwanza ndipo asome. Huyo tulimpa chai, tukamsindikiza.

Baiskeli na kiti

Kiti ni cha bure, na watoto wenye mapenzi ndio wanaokileta. "Baba pumzika." Tulifanya hivyo mwaka mzima na kila mwezi alizidi kuwa mgumu kuinuka.

Tanga ni mji tambarare, wa barabara zenye namba na baiskeli nyingi kuliko pengine popote ninapopajua, na Baba ameendesha tangu utoto. Sasa sikia hili. Mwaka 2010 madaktari wa Uholanzi waliandika habari za mgonjwa wa miaka 58, aliyeumwa miaka kumi, ambaye akitembea anaganda baada ya hatua chache na kuanguka. Wakampa baiskeli akaenda kama kijana, akakata kona, akarudi. Aliposhuka, akaganda tena. Mzunguko wa pedali unaupa mwili mapigo ambayo ubongo wenyewe umeshindwa kuyatoa. Nilimsimulia Baba akanitazama kama ninamchelewesha. Yeye alikuwa anajua: miguu inayogoma mlangoni inakanyaga cherehani bila shida.

Madaktari haohao walitoa swali la kliniki linalofaa sana mji wetu: tangu dalili zianze, bado unaendesha baiskeli? Aliyepoteza uwezo huo mapema huenda ana ugonjwa jamii ya Parkinson lakini si wenyewe, na hiyo mara nyingi haiitiki vizuri levodopa.

Hatari haipo kwenye kwenda, ipo kwenye kusimama na kushuka. Tulichofanya ni kubadili ile baiskeli yake yenye mtaimbo kwa ya kike, isiyo na mtaimbo, kiti kikashushwa mpaka nyayo mbili zinagusa chini. Anaendesha alfajiri baada ya sala, kabla ya bodaboda kuamka, na mjukuu nyuma yake. Mwenye kizunguzungu cha presha, au aliyekwisha kuanguka mara mbili tatu, asipande. Ipo ya kusimama palepale, na hata kukanyaga cherehani bila uzi ni mazoezi, usicheke.

Kwa kutembea, chaki ya fundi imetusaidia kuliko nilivyotarajia. Mlangoni ndipo alipokuwa anaganda, nyayo kama zimepigwa misumari. Tulichora mistari mitano sakafuni, kila mmoja hatua moja kutoka mwingine, na sasa anaruka mstari badala ya kufikiria mguu. Usiku tunahesabu kwa sauti, moja, mbili. Mdundo wa ngoma au taarab ya redioni nao unafanya kazi hiyo hiyo.

Mazoezi hayaponyi, lakini yamepimwa. Tai chi, ile michezo ya Kichina ya polepole, mara mbili kwa wiki kwa wiki 24, ilipunguza kuanguka katika utafiti wa watu 195 uliochapishwa 2012. Mwaka 2018, kati ya watu 128 wasiokuwa bado wakitumia dawa, waliotembea kwa nguvu kwenye mashine kwa miezi sita walizorota kidogo kuliko waliokaa bila. Kitu cha bure chenye ushahidi kuliko makopo yote ya dukani ni hiki, na hakuna anayekitangaza kwa kuwa hakina faida.

India, na wanaosema wana tiba

Upasuaji ambao kaka aliusikia ni wa kuwekewa nyaya nyembamba ndani ya ubongo, zikaunganishwa na betri chini ya ngozi ya kifua. Ulianzia Grenoble, Ufaransa, mwaka 1987, kwa Alim-Louis Benabid. Unafanya kazi, tena vizuri, kwa mtu sahihi. Huyo ni ambaye levodopa bado inamnyanyua lakini inamwangusha haraka, au mwili wake unajichezesha kupita kiasi, na akili yake ni timamu. Kanuni niliyopewa: kisichonyanyuliwa na kidonge hakitanyanyuliwa na waya, isipokuwa kutetemeka. Na kule si kwenda mara moja. Umeme unarekebishwa tena na tena, betri ya kawaida hubadilishwa baada ya miaka kadhaa, na fundi wake hayupo Chumbageni. Kwa Baba, ambaye kidonge kinampa saa njema kumi kwa siku, hiyo ni dawa ya ugonjwa ambao bado hana.

Tiba ya kuponya? Leo haipo, na hili si la siri ya kiwanda chochote. Wametafuta kwa jasho. Kreatini ilijaribiwa kwa watu 1,741, ikasitishwa mwaka 2013 kwa kuwa haikusaidia. Koenzaimu Q10 ilijaribiwa kwa watu 600, ikashindwa, matokeo yakachapishwa mwaka 2014, lakini makopo yake bado yanauzwa kwa maneno yale yale. Eksenatidi, dawa ya kisukari iliyotupa matumaini, ilishindwa Februari 2025 baada ya wiki 96 kwa watu 194.

Kinachonifanya nisikate tamaa ni seli. Aprili 2025 yalichapishwa majaribio mawili: Kyoto, Japani, wagonjwa 7, na Amerika ya Kaskazini, wagonjwa 12, waliopandikizwa seli zinazotengeneza dopamini moja kwa moja kwenye ubongo. Seli ziliishi, madhara makubwa hayakuonekana, baadhi yao wakapata nafuu. Watu 19 tu, na lengo la kwanza lilikuwa kuona kama ni salama. Walipasuliwa fuvu na kumeza dawa za kuzuia kinga ya mwili kwa miezi. Sasa yule anayekuuzia "seli mama" za kudondoshea kwenye chai, mpime mwenyewe kwa hayo. Ugonjwa huu si wa waja leo waondoka leo.

Nilimjibu kaka kwa ujumbe wa sauti, dakika kumi na moja, akalalamika ni mrefu. Asinunue tiketi ya India. Atume hela za levodopa kila mwezi, si kwa mkupuo, maana mkupuo hapa una ndugu wengi. Tuwe na akiba ya miezi miwili ndani, kwa kuwa kuna wiki tunazunguka maduka matatu bila kupata. Nauli ya kumwona daktari wa mishipa ya fahamu mara mbili kwa mwaka, safari ya kutwa kwenda na kutwa kurudi. Na hela ya baiskeli ya kike.

Alituma. Baiskeli tuliipata ya mtumba, rangi ya kijani. Baba ameilalamikia wiki nzima kwamba ni ya mwanamke, na asubuhi ya leo nimemkuta anaishonea kava la kiti.